Piano Huibebi: Kutoka Mombasa Hadi Majukwaa ya Nje

Mama mmoja wa Changamwe alinitumia ujumbe wa sauti wiki moja baada ya Idi. Mwanawe ana miaka 12, anapiga piano ya kanisani kwao, amefaulu Gredi 4 ya mitihani ya piano, na sasa kasema kazi anayoitaka ni hii yangu: kupanda jukwaani peke yake, nchi baada ya nchi, kupiga muziki wa klasiki. Swali la mama lilikuwa fupi. "Dadangu, tuanzie wapi?" Jibu lake halienei kwenye ujumbe wa sauti, kwa hiyo nimekaa kuandika, kwake na kwa kila mzazi wa Pwani aliyeletewa habari kama hiyo na mwanawe.

Mimi ni mtoto wa Kibokoni. Babangu alipiga kinanda katika vikundi vya tarabu vya harusi, na nilijifunza kutafuta sauti kwa sikio nikiwa nimeketi ubavuni mwake, kabla sijajua kuna kitu kinaitwa noti. Piano yenyewe nilikutana nayo shuleni nikiwa na miaka 9. Huu ni mwaka wa 14 tangu nianze kula kwa kupiga. Mwaka mzuri hunipa matamasha 40 hivi, mwaka mgumu hunipa 18.

Kabla ya yote lishikeni hili, maana ushauri wangu wote umetoka humo. Mpiga udi huenda na udi wake. Mpiga fidla hulala na fidla yake chumba kimoja. Mpiga piano huenda mikono mitupu. Krystian Zimerman, Mpolandi aliyeshinda mashindano ya Chopin mwaka 1975, anajulikana kwa kusafiri na piano yake mwenyewe, lakini huyo ni yeye. Sisi wengine tunashuka kwenye ndege, tunaonyeshwa piano ya ukumbi, tunapewa saa moja au mbili, kisha watu wanaingia. Kazi hii ni kukutana na piano usiyoijua na kuifanya iseme jioni hiyo hiyo. Mtoto wa Mombasa anaweza kuanza kujifunza hilo leo, kwa sababu hapa kwetu hakuna piano mbili zinazofanana.

Kusanya piano

Mnunulie daftari. Kila piano atakayoigusa aiandikie ukurasa: iko wapi, ni ya kusimama (nyaya zimesimama wima) au ya kulala (nyaya zimelala), vibao gani ni vizito, vipi vinakwama, pedali ya mguuni inashika wapi, sauti za juu zinalia kama glasi au kama ubao. Wanafunzi wangu nawawekea lengo la piano 15 kabla ya kutimiza miaka 18.

Zitafuteni kwenye makanisa makubwa ya mjini, shule zinazofuata mtaala wa Uingereza, kumbi za jumuiya, hoteli za Nyali na Diani. Usimtume mtoto peke yake. Nenda naye na barua fupi, muone katibu au meneja, muombe zile saa ukumbi umelala, kati ya saa nane na saa kumi mchana siku za kazi. Toeni ahadi mbili na mzitimize: hakuna chupa wala simu itakayowekwa juu ya piano, na siku wakimhitaji mtoto kupiga kwenye shughuli yao atapiga bila malipo. Mimi nilifunguliwa ukumbi mmoja wa Ganjoni kwa miaka mitatu mfululizo kwa sababu mamangu alikuwa akimpelekea mlinzi mahamri kila Ijumaa na kukaa naye kuulizia wanawe.

Hakikisha miongoni mwa hizo kuna piano ya kulala, hata moja, hata kama ni ya kuombwa mara moja kwa mwezi. Tofauti yake na ya kusimama si ya ukubwa tu. Kwenye piano ya kulala kibao hakihitaji kurudi juu kabisa ndipo kilie tena. Mtambo huo wa kurudia upesi ulibuniwa na Sébastien Érard mwaka 1821, na muziki mwingi mgumu wa baada yake unautegemea. Pedali ya kushoto nayo hufanya kazi tofauti. Kwenye ya kusimama husogeza nyundo zinazogonga nyaya karibu nazo zaidi. Kwenye ya kulala husukuma vibao vyote pembeni kidogo, nyundo zikagusa nyaya mbili badala ya tatu, na rangi ya sauti ikabadilika. Mtoto aliyekulia kwenye ya kusimama peke yake atafika kwenye mtihani wa chuo asijue mguu wake wa kushoto una kazi gani.

Piano ya umeme je? Nunueni mkiweza, bora iwe na vibao vyote 88 na viwe vizito kama vya piano ya kweli. Kile kinanda chepesi cha vibao 61 kinafaa harusini, babangu alikipiga vizuri mno, ila vidole vikikizoea vitakosa nguvu ya kazi hii. Ya umeme ni nzuri usiku, kwa spika za masikioni, majirani wakiwa wamelala. Kujifunza noti, sawa. Kujifunza sauti, hapana, kwa sababu ya umeme hutoa sauti ile ile masika na kaskazi, na mtoto hatazoea kuisikiliza piano inamjibu nini.

Piano ya kweli kwenye hewa yetu

Piano ni mbao, sufu na chuma. Ina nyaya kama 230, na zote kwa pamoja zinavuta kwa nguvu ya karibu tani 18 au 20. Mafundi hupenda unyevu wa chumba ukae kati ya asilimia 40 na 60. Mombasa mara nyingi hupita 70. Mbao zikinywa unyevu, ubao wa sauti huvimba na piano hupanda juu, hasa katikati. Kaskazi ikikausha hewa, hushuka. Vibao huvimba vikakwama, nyaya hushika kutu kwa chumvi ya bahari, na chini yake mchwa wanasubiri zamu yao.

Kwa hiyo iweke kwenye ukuta wa ndani, mbali na dirisha la upande wa bahari, na isipigwe moja kwa moja na feni wala AC. Miguu yake iweke juu ya vikombe vya kioo au chuma. Mwombe fundi afunge ndani yake ile fimbo ya umeme inayotoa joto dogo la kukausha hewa. Ityuniwe, yaani nyaya zirekebishwe sauti zikae sawa, mara mbili kwa mwaka, masika yakishaisha na vuli ikishaisha. Kuityuni mvua ikiwa bado inanyesha ni kutupa hela. Wengi huniuliza kama ni bora kuifunika blanketi. Usiifunike kwa kitu kizito, utafungia unyevu ndani. Leso moja nyepesi inatosha kuzuia vumbi.

Kumbukumbu isiyoibwa

Kwenye kazi hii watu hupiga bila karatasi. Desturi hiyo ilishika karne ya 19 kwa wapiga piano kama Clara Schumann na Franz Liszt, na si sheria. Sviatoslav Richter, mmoja wa wapiga piano wakubwa wa karne ya 20, uzeeni alipiga na noti mbele yake na taa ndogo pembeni. Lakini kijana asiye na jina atatarajiwa apige kwa kichwa, na hapa ndipo piano ngeni inapowaumiza watu. Anayekumbuka kwa vidole tu, vidole vyake vimekariri uzito wa piano ya kwao. Mpe piano nzito kuliko hiyo, vidole vinashangaa, na vikishashangaa vinasahau.

Dawa yake ni kukumbuka kwa njia nyingine zaidi ya vidole. Gawa kipande kwa vituo 10 au 12, kama steji za matatu ya Mtwapa: Buxton, Kongowea, Bombolulu, Bamburi, Shanzu. Abiria wa kweli anaweza kupandia kituo chochote. Vipe vituo namba, kisha mtu mwingine wa nyumbani aite namba ovyo ovyo, na wewe uanzie hapo hapo. Bibi yangu hakujua noti hata moja, lakini akikuna nazi uani alikuwa akipaza sauti, "Saba!" kisha "Mbili!" na nikishindwa kuanza alikuwa akicheka na kusema, "Basi hiyo hujaijua, rudi." Mwalimu bora wa kumbukumbu niliyewahi kuwa naye.

Njia ya pili: piga mkono wa kushoto peke yake, kwa kichwa, mwanzo hadi mwisho. Wengi hawawezi, maana mkono wa kushoto huwa umebebwa na wa kulia. Ya tatu: kaa mbali na piano, mezani, uandike ukurasa mzima wa noti kwa kalamu. Ya nne: stima ikipotea, usiondoke kwenye stuli. Piga gizani.

Na kila siku piga polepole. Polepole kweli kweli, nusu ya mwendo au robo, ukisikiliza kila sauti inavyoanza na inavyokufa. Mtoto wa miaka 12 saa mbili za namna hiyo zinamtosha. Zigawe kwa dakika 40 na mapumziko. Akifika 16 zitakuwa nne. Sizitaki sita kwa mtoto anayekua.

Gredi na njaa ya vipande

Mitihani ya ABRSM, bodi ya Uingereza iliyoanza mwaka 1889, ndiyo ngazi inayofahamika zaidi hapa, Gredi 1 hadi 8. Ni ngazi nzuri. Jueni mapema kwamba hawezi kuingia Gredi 6 bila kupita nadharia ya Gredi 5 au mtihani unaokubaliwa badala yake. Wazazi wengi hushtuliwa na sharti hilo na kupoteza mwaka. Tangu 2020 upo pia mtihani wa kurekodi video, unaofaa kwa walio mbali na mtahini.

Ila nimeona watoto wakipiga vipande vitatu vya mtihani mwaka mzima, na mwaka ujao vitatu vingine. Wanafika Gredi 8 na vyeti ukutani, na muziki wanaoujua haujazi saa moja. Tamasha la mtu mmoja ni dakika 70 hadi 90. Kwa hiyo pembeni ya mtihani ajifunze vipande 20 kwa mwaka, vingine vyepesi kuliko gredi yake, vya wiki mbili tu, mradi asome na apige mbele ya watu. Gredi 8 ndipo safari inapoanzia.

Mzigo wa kuelekea chuo kikuu cha muziki unajulikana, na haujabadilika sana: preludi na fuga ya Bach (utangulizi, kisha kipande ambamo sauti hufukuzana), kati ya zile 48 za vitabu vyake viwili, sonata nzima (kazi ndefu ya sehemu kadhaa) ya Haydn, Mozart au Beethoven, etyudi (kipande cha kuzoeza vidole) moja au mbili, mara nyingi za Chopin, ambaye makusanyo yake ya opasi 10 na 25 yana 12 kila moja, kazi kubwa ya karne ya 19, na kitu cha karne ya 20 au cha sasa. Hapo kwenye cha sasa msimwache mtoto akimbilie Ulaya tena. Akin Euba wa Nigeria na Kwabena Nketia wa Ghana waliandikia piano muziki unaofuata mantiki ya ngoma zetu, na Girma Yifrashewa wa Ethiopia anapanda majukwaani na nyimbo za kwao. Wasikilizaji wa nje watamwuliza mwanao ametoka wapi. Awe na jibu la kupiga.

Mimi nyongeza yangu mwishoni mwa tamasha ni wimbo wa harusi wa babangu, niliopanga mwenyewe. Ulinichukua miaka miwili, kwa sababu tarabu ina zile sauti zinazokaa katikati ya kibao cheupe na cheusi, na piano haina mahali pa kuziweka. Nikapata njia: napiga vibao viwili vya jirani kwa pamoja na kuachia kimoja mapema, sikio linaimalizia lenyewe.

Saa moja ya kwanza na piano ngeni

Hapa nitakaa, maana hakuna aliyenifundisha, na ndipo mkate wangu unapotoka.

Anza na stuli, kabla ya sauti yoyote. Yangu ni shubiri mbili na vidole vitatu kutoka sakafuni. Naipima kwa mkono. Stuli ikiwa chini, mabega hupanda, na mabega yakipanda utailaumu piano bure.

Kisha usipige vipande vyako. Najua hamu inavyokuwa. Piga kodi moja, yaani noti kadhaa kwa pamoja, katikati, kwa sauti ndogo. Irudie kwa sauti ndogo zaidi. Endelea kushuka mpaka piano ikatae, mpaka kibao kishuke na kisilie. Hapo umepata sakafu ya sauti yake, na sasa unajua chini kabisa una nafasi kiasi gani. Kwenda juu usihangaike, kelele kila piano inayo.

Halafu pita kibao kwa kibao, vyote 88, kutoka chini hadi juu, kwa nguvu ile ile. Haizidi dakika mbili. Kinachochelewa, kinachonguruma, kinachopaza kuliko wenzake, utakisikia. Rudia noti moja upesi katika sehemu tatu za piano. Kisha pedali ya kulia: piga kodi, ikanyage kidogo kidogo, usikie inaposhika. Kuna zinazoshika mara tu mguu unapogusa, kuna zinazosubiri hadi nusu ya safari. Ukikosea hapo tamasha lote litakuwa na ukungu. Mwisho ya kushoto.

Ukumbi mkubwa huwa na fundi siku hiyo. Mheshimu kama daktari wa mgonjwa wako. Usimwambie "siipendi piano hii." Mwambie kibao fulani kinachelewa kurudi, oktava fulani inalia kwa ukali. Ana sindano za kulainisha sufu ya nyundo na ana dakika chache. Mpe kazi anayoweza kuimaliza.

Kisha ndipo upige mwanzo wa kila kipande, kurasa mbili tu, mtu akiwa ameketi safu ya nyuma. Kumbuka ukumbi mtupu hulia zaidi. Watu na nguo zao wakijaa hunywa sauti, kwa hiyo kama mwangwi umezidi kidogo saa kumi jioni, saa mbili usiku utakuwa sawa. Umezidi sana? Punguza mwendo wa vipande vya haraka. Ukibishana na ukumbi, ukumbi utashinda.

Piano yetu ya shule ilikuwa na kibao kimoja, D, kilichokwama kila masika. Nilijifunza kukinyanyua kwa ubavu wa kidole huku mkono ukiendelea na safari. Miaka mingi baadaye, katika mji mdogo wa kaskazini mwa Ulaya, nilikuta kibao cha A-flati kimelegea, hakirudi, na mwandaaji akaniambia fundi hapatikani hadi Jumatatu. Tamasha lilikuwa Jumamosi, usiku ule. Nilichukua penseli, nikabadilisha vidole katika kurasa sita, nikakinyanyua kile kibao usiku kucha kama nilivyoinyanyua ile D. Hakuna aliyejua. Nilitoka nje kwenye theluji nikiwa na furaha ambayo siwezi kuieleza vizuri.

Video na chuo

Vyuo vingi huchuja kwanza kwa video. Irekodi bila kukata, mikono na uso vionekane, kamera upande wa kulia wa mpigaji, na piano iwe imetyuniwa siku hiyo au jana yake. Mombasa muda ni mmoja: baada ya swala ya alfajiri, kabla ya tuktuk na kabla ya kunguru. Kunguru wetu wakishaamka hakuna maikrofoni itakayokuokoa. Wa karibu na Kilindini wahesabu na honi za meli pia.

Karibu na nyumbani: Nairobi ina Kenya Conservatoire of Music, iliyoanzishwa 1944, na idara ya muziki ya Kenyatta University. Mbali: Ujerumani vyuo vingi vya serikali vina karo ndogo, lakini vinataka lugha, kwa hiyo Kijerumani kianze akiwa na miaka 15. Curtis, chuo cha muziki kule Philadelphia, Marekani, haimtozi karo mwanafunzi yeyote anayepita, na nafasi zake ni chache mno. Chagueni mwalimu kabla ya jina la chuo. Mwandikieni, mwombeni somo moja, hata kwa mtandao, muone kama mtoto anatoka pale anapiga vizuri zaidi au anatoka anaogopa.

Mashindano, wakala, hesabu

Mashindano makubwa ni kama Chopin la Warsaw, lililoanza 1927 na hufanyika kila miaka mitano. Tchaikovsky la Moscow tangu 1958. Leeds, Uingereza, tangu 1963. Queen Elisabeth la Brussels. Van Cliburn la Texas. Afrika Kusini yapo ya chuo kikuu cha UNISA, Pretoria. Mengi hukoma miaka 30 au karibu na hapo. Utaratibu ni video, raundi, kisha fainali na okestra.

Kumwambia mtoto ashinde ni kumbebesha jiwe. Mwambie aende asikike. Mwaka 1980 Warsaw alishinda Dang Thai Son wa Vietnam, Mwasia wa kwanza kushinda pale, kijana aliyekulia katika nchi yenye vita. Mwaka huo huo mshindani mwingine, Ivo Pogorelich, alitolewa kabla ya fainali, mpiga piano mashuhuri Martha Argerich akajiondoa kwenye meza ya majaji kwa hasira, na Pogorelich aliyeshindwa akapata kazi dunia nzima. Masikio ya ukumbini ni mengi kuliko ya meza ile.

Mlango mwingine ni ugonjwa wa mtu. Mwaka 1999 mpiga piano Lang Lang, akiwa na miaka 17, aliitwa kuchukua nafasi ya mwenzake, André Watts, na okestra ya Chicago. Yuja Wang, mpiga piano pia, aliingia Boston mwaka 2007 kwa nafasi ya Argerich. Wote wawili walipiga konseto (kazi ya piano na okestra) ya kwanza ya Tchaikovsky. Kwa hiyo kijana awe na konseto tatu zilizoiva wakati wote, za kupigwa kesho simu ikilia leo, na pasi iwe hai.

Sasa pesa. Wakala, anayekutafutia matamasha, huchukua kati ya asilimia 15 na 20 ya malipo. Kodi ya serikali hukatwa kabla hujashika: Uingereza asilimia 20 kwa msanii mgeni, Marekani 30, isipokuwa makaratasi ya kupunguza yamefanywa mapema. Katika miaka yangu ya mwanzo nililipwa euro 2,000 kwa tamasha moja. Wakala 400, kodi 300, ndege 740, viza, bima na treni 180. Nilibaki na 380 kwa kazi ya miezi mitano. Tangu hapo sipandi ndege kwa tamasha moja. Nasubiri mpaka niwe na manne ndani ya wiki tatu. Kuna mwandaaji aliyenilipa baada ya miezi minane, kwa hiyo siku hizi mkataba wangu unasema nusu ilipwe kabla, na tarehe ya nusu ya pili imeandikwa. Viza ya Schengen hukupa siku 90 ndani ya kila siku 180, na ofisi nyingi ziko Nairobi. Omba miezi mitatu kabla, na barua ya mwaliko iwe na tarehe za kila mji.

Mikono na mavazi

Maumivu makali ya mkono ni amri ya kusimama. Leon Fleisher, mpiga piano wa Marekani, alipoteza matumizi ya vidole vya mkono wa kulia katika miaka ya 1960, akiwa kileleni, akaishi miaka mingi kwa muziki wa mkono wa kushoto. Akilalamika mtoto, msimwambie avumilie.

Kutoka joto la Mombasa kwenda baridi yenye hita, ngozi ya ncha za vidole hupasuka. Mafuta ya nazi usiku, na glavu za pamba. Siku ya tamasha usiyapake, vibao vitateleza. Mikono ikiganda, izamishe hadi viwiko katika maji ya uvuguvugu, dakika tano.

Mimi navaa hijabu na gauni refu. Mikono ya gauni ibane na iishie kabla ya kifundo, kitambaa kisiteleze kwenye stuli. Viatu viwe vya soli nyembamba, na uvifanyie mazoezi kwa wiki mbili, maana pedali unaisikia kwa mguu. Ramadhani nikiwa safarini natumia ruhusa ya msafiri siku ya tamasha, nalipa nikirudi.

Kwa hiyo, mama wa Changamwe: mlete Jumamosi saa nane. Nyumbani kwangu ipo piano ya kusimama ambayo hajawahi kuigusa, ina E moja nzito na pedali inayoshika chini kabisa. Sitamwambia lolote juu yake. Avae viatu vyake vya kanisani, aje na daftari, na nitatoka chumbani kwa dakika kumi kabla sijamsikiliza.